Imepita Wapi? Mizani na Pambo katika Sanaa ya Vigarimoshi

Picha iliyonifanya niandike makala haya ilinijia ndani ya bahasha kutoka kaskazini ya Uingereza. Aliyeileta ni mzee mstaafu ambaye tulijuana kwa sababu ya tafsiri: alikuwa akitafuta maana ya maneno mawili matatu ya Kiswahili aliyoyakuta katika karatasi za zamani za reli, na mtu akamwelekeza kwangu. Kwa kunishukuru alinipelekea picha ya kazi ya mikono yake. Ilikuwa injini ya mvuke ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ya aina iliyoitwa 59, urefu wake haukutimia nusu mita, naye aliikata, akailehemu na kuipaka rangi juu ya meza ya jikoni kwake. Nilistaajabu. Ribiti zilihesabika, mabomba yalipanda na kushuka ubavuni mwa boila kama mishipa ya mkono wa mzee, na kibao cha jina kilisomeka.

Nikaichukua picha ile hadi kwa ami yangu, ambaye ujanani mwake aliondoka Pemba akaenda Mombasa, akafanya kazi ya kusafisha injini katika karakana ya reli. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauliza:

“Hii imepita wapi?”

Nikamwambia, “Ami, hii ni sanamu tu. Haijapita popote.”

“Ndiyo maana nakuuliza, mwanangu. Uchafu huu si wa kwetu.”

Alikuwa na haki. Mzee wa Uingereza aliipaka injini yake masizi meusi tangu dohani hadi magurudumuni, kama injini ya makaa ya mawe iliyotoka katika mji wa viwanda. Lakini injini za aina ya 59 zilichoma mafuta, na njia yao ilipita nyika ya Taru na Voi, ambako ardhi ni nyekundu. Masizi yalikaa juu. Chini, penye magurudumu na vyuma vinavyoyasukuma, palikaa vumbi la njiani. Msanii alijua umbo la injini kwa milimita, ila hakujua safari yake.

Swali la ami limekaa nami tangu siku ile, na nadhani linafaa kuwa mlango wa kuhakiki sanaa hii ambayo wengi wetu visiwani tunaihesabu mchezo wa watoto wa matajiri. Watoto wanao mchezo wao. Ninaowazungumzia hapa ni watu wazima wanaonunua injini ndogo iliyotoka kiwandani, moja kati ya maelfu yanayofanana, kisha wakakaa nayo miezi, pengine miaka, wakaigeuza kuwa injini moja tu: ile yenye namba fulani, katika mwaka fulani. Huparua kwa kisu vishikio vilivyofinyangwa pamoja na plastiki, wakatoboa matundu yasiyoonekana kwa urahisi, wakatia waya wa shaba mahali pake. Hubadilisha dohani, filimbi na taa. Husaga makaa ya kweli wakayamwaga katika behewa la makaa. Mwisho hupuliza rangi iliyochujwa ikawa kama moshi, ili injini ionekane imefanya kazi.

Mshairi wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa msingi wa sanaa hii, kwani jina lake analo kinywani kila siku: mizani. Sisi tunapima mstari kwa silabi, wao wanapima dunia kwa kigawo. Mizani inayopendwa zaidi Uingereza hutoa milimita 4 kwa kila futi moja, yaani kitu hupunguzwa mara 76 na kidogo. Marekani na nchi nyingi za bara la Ulaya hupunguza mara 87. Wapo wanaopunguza mara 148 au 160, wakapata injini inayokaa kiganjani. Aliyekwisha kuchagua mizani yake amejifunga, na kila atakachotia kitapimwa kwayo.

Nao, kama sisi, wana inkisari zao. Reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Ukiipunguza kwa mizani ya milimita 4 kwa futi utapata milimita 18.83. Lakini reli zinazouzwa madukani kwa injini hizo zina upana wa milimita 16.5. Kisa chake ni cha kale. Injini za Uingereza zilikuwa nyembamba kuliko za nchi nyingine, na mota za umeme za miaka ya 1920 na 1930 hazikuweza kuingia ndani ya umbo dogo hivyo. Mafundi wakalikuza umbo, reli wakaiacha ilivyokuwa. Injini ikawa kama mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto. Inkisari hiyo iliyotolewa kwa dharura ikawa kanuni, na hadi leo wengi hawaioni. Katika miaka ya 1960 walitokea wenye msimamo waliosema hapana, wakajitengenezea reli na magurudumu ya vipimo kamili kwa mikono yao. Ukisikia mabishano yao utadhani uko barazani na wanaobishana juu ya vina na mizani: mmoja anasema bila kipimo hakuna sanaa, mwenzake anasema kipimo kisichoruhusu gari kutembea kina faida gani?

Mimi sikusomea fani yoyote chuoni, basi nitahukumu kwa nilichokiona. Miaka kadhaa iliyopita, kazi ya tafsiri ilinifikisha Oxford, na mwenyeji wangu akanipeleka katika kijiji cha Long Wittenham, penye jumba la makumbusho liitwalo Pendon. Mwanzilishi wake, Roye England, alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 akiwa kijana anayependa reli. Alipotembea katika bonde la White Horse aliona nyumba za zamani zikibomolewa, na mapaa ya makuti ya kwao yakiondolewa yakawekwa ya kisasa. Akaazimia kulihifadhi bonde lile kwa kulijenga upya kwa udogo, jiwe kwa jiwe, bustani kwa bustani. Jumba lilianzishwa mwaka 1954, naye England alifariki mwaka 1995, na kazi ikaendelea baada yake.

Katika jumba hilo kuna mandhari ya nyika ya Dartmoor yenye daraja refu la mbao, na juu yake hupita treni za shirika la Great Western. Injini nyingi za Pendon zilitengenezwa na Guy Williams, na kwa hakika ni mkono wa bingwa. Lakini kilichonishangaza zaidi ya wembamba wa kazi ni adabu ya tarehe. Nembo ya duara yenye herufi tatu ilianza kuwekwa kwenye injini za Great Western mwaka 1934, basi hairuhusiwi kuonekana katika tukio la mwaka 1925. Taa za mbele zilikuwa nyekundu kwa miaka mingi, kisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 zikageuzwa kuwa nyeupe. Asiyejua hayo ataona taa tu. Anayejua atasoma mwaka, kama msomaji wa tenzi za kale anavyoweza kuotea zama za mtungaji kwa neno moja lililokwisha kupotea midomoni mwa watu.

Naipenda Pendon kwa kuwa ilizaliwa na huzuni wala si majivuno. England hakuanza na treni. Alianza na paa linaloondolewa. Hata hivyo nina neno nayo. Bonde lile dogo limetulia mno. Miaka ya 1930 ilikuwa pia miaka ya watu kukosa kazi Uingereza, na uzuri uliopimwa kwa uangalifu namna ile una wepesi wa kutusahaulisha hilo. Kila jiwe laweza kuwa la kweli, na jumla yake ikawa ndoto. Watunzi wa kasida za kuusifu mji wa jana wanaujua mtego huu.

Upande wa pili wa bahari alikuwako mtu wa mwelekeo mwingine. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, hakunakili bonde lolote. Alibuni reli yake mwenyewe kwa mizani ya 1:87, akaiita Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa haraka linakuwa mzaha wa Kiingereza juu ya watu waliolowa damu na kushindwa. Wakati wengi wakipenda injini zing'ae kama zilivyotoka dukani, yeye alizipaka kutu, vumbi na masizi, akachakaza mbao na kupindisha mapaa. Alikuwa na ucheshi pia: injini yake namba 13, ya kusogezea mabehewa, ilikuwa sanamu ya dinosaria. Msomaji asicheke upesi. Mnyama yule asingechekesha kama kila kitu kilichomzunguka kisingekuwa kinasadikika. Ubunifu wa Allen ulisimama juu ya uchafu wa kweli. Uchafu ule ulieleza kwamba magari yamebeba, yamenyeshewa na yametengenezwa tena na mtu asiyekuwa na fedha za kununua mapya.

Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Zimebaki picha na maandishi. Nawaweka wawili hawa mbele ya msomaji kwa sababu kila mmoja angeweza kulijibu swali la ami yangu. Injini ya Pendon imepita Dartmoor. Injini ya Allen imepita milima isiyokuwapo duniani, lakini imeipita kweli.

Tatizo liko kwa wasioweza kujibu, nao ni wengi. Sanaa hii ina ugonjwa mmoja mkubwa, nao ni pambo lisilokuwa na sababu. Tupige hesabu kidogo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.4, katika mizani ya milimita 4 kwa futi, unasimama badala ya chuma cha milimita 30 hivi, unene wa kushikika kwa mkono. Waya uleule ukiutia katika injini ya mizani ya 1:148 umekuwa bomba la milimita 59, ambalo hakuna kiganja kitakacholizunguka vizuri. Kitu kilichokuwa kweli katika mizani moja kimekuwa uongo katika nyingine. Vilevile, anayeitazama injini ya 1:76 akiwa nusu mita kutoka mezani ni sawa na anayeitazama injini ya kweli akiwa mita 38. Kwa umbali huo jicho linaona nini? Linaona umbo, mwanga juu ya boila, weusi wa dohani, labda mtu dirishani. Ribiti halizioni ila kama kivuli. Lakini fundi mwenye pupa hutia kila ribiti, tena kubwa kuliko kipimo ili zionekane, na injini ikawa kama imetoka vipele.

Najua ugonjwa huo kwa kuwa niliwahi kuugua. Zamani nilitafsiri shairi fupi la Kiingereza, mistari minane mikavu juu ya mwanamke anayefunga mlango. Kwa kiu ya kuonyesha kwamba Kiswahili si maskini nikalitia tashbihi mbili, methali moja na kina cha kati ambacho mwenyewe hakukitaka. Mshairi mmoja aliyenizidi umri na elimu alinirudishia karatasi akasema, “Umempamba bibi harusi hata bwana harusi hakumjua.” Niliudhika kwa mwezi mzima. Kisha nilifuta, na kila nilipofuta mlango ule ulifungwa kwa sauti kubwa zaidi.

Basi pambo halali ni lipi? Jibu langu nimelipata katika injini yenyewe ya aina ya 59. Zilikuwa injini 34, zote zikaundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa na uzito wa takriban tani 250, injini kubwa kupita zote zilizotembea katika reli ya upana wa mita moja, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilitoka kiwandani zikifanana kama tende za kole moja. Baadaye zilibadilishwa dohani: ile ya duara ikaondolewa, ikawekwa ya bapa iliyobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria, ambayo huvuta moshi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo fundi wa vigarimoshi hana budi kuchagua. Akitia dohani ya duara amesema miaka ya mwanzo. Akitia ya bapa amesema miaka ya baadaye. Hilo ni pambo lenye tarehe, na ni halali.

Lakini lipo jambo la ndani zaidi. Kabla ya mstaafu yeyote wa Uingereza kuchukua kibano na waya, injini hizi zilikwisha kupambwa. Zipo kumbukumbu na picha za injini za aina hiyo zilizong'arishwa shaba zake na kutiwa nakshi na madereva wake, baadhi yao Masingasinga, waliozichukulia kuwa ni zao. Ami yangu asema kwamba ukiingia katika kibanda cha baadhi yao unapangusa miguu kwanza. Injini iliundwa Manchester kwa ajili ya shirika, ikavuta mali ambayo dereva hakuimiliki, katika reli iliyojengwa na dola kwa maslahi yake. Hapo katikati mtu alichukua kitambaa na mafuta, akasema kwa mkono wake: hii si namba tu.

Hoja yangu yote imo humo. Kuigeuza injini moja kati ya nyingi iwe yenyewe peke yake ni kazi iliyoanzwa na wafanyakazi, na fundi wa vigarimoshi ni mfasiri wao. Kila alama anayoitia juu ya sanamu yake iliwahi kuachwa na mtu: kiraka ni cha mhunzi wa karakana, mchirizi wa mafuta ni wa aliyejaza tangi kwa haraka, shaba inayong'aa ni ya dereva. Akizitia alama hizo kwa kusoma mikono yao, kazi yake ni ushahidi. Akizitia kwa kuonyesha mkono wake tu, amefuta majina ya watu akaandika lake juu. Mfasiri wa mashairi anajua kwamba tofauti hiyo haionekani kwa haraka. Huonekana akija mtu aliyekuwako.

Hao waliokuwako wanapungua. Injini moja ya aina ya 59, namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na anayetaka kupima unene wa vyuma vyake aweza kwenda kupima. Uchafu wake haupimiki tena, kwa kuwa injini iliyohifadhiwa hupakwa rangi. Kwetu Unguja hali ni ngumu zaidi. Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905, ilitoka mjini ikaenda takriban kilomita 11 hadi Bububu, ikaacha kuchukua abiria katika miaka ya 1920, kisha ikang'olewa. Kabla yake, zama za Sayyid Barghash, ilikuwapo reli ndogo ya kwenda Chukwani, nayo haikudumu baada ya kufa kwake mwaka 1888. Leo kijana wa mjini mwenye kibano na subira akitaka kuitengeneza treni ya Bububu atapata picha chache za rangi moja. Atapata umbo. Nani atamwambia vumbi lake lilikuwa la rangi gani, au mpanda gari alining'inia upande upi? Waliokuwa na jibu hawakuulizwa, kwa sababu tulidhani mambo hayo si ya kuandikwa.

Nilimwandikia mzee wa Uingereza maneno ya ami yangu, nikiogopa kidogo kwamba atakasirika kama nilivyokasirika mimi kwa shairi langu. Hakukasirika. Alijibu akiuliza wekundu ule ni wa namna gani. Ami aliniagiza nimpelekee mfano: kigae cha chungu cha udongo kilichovunjika, upande wa ndani, usiopata moto. Nikakifunga vizuri nikakipeleka posta.

Baada ya miezi picha ya pili ilifika. Masizi yamebaki juu peke yake, na chini, kuanzia magurudumu hadi nusu ya matangi, kuna wekundu mwembamba uliozidi mbele na kupungua nyuma, kama vumbi linavyofanya. Ribiti nyingi zilikuwa zimefifia chini ya vumbi lile, nami nikawaza uchungu alioupata fundi kuzifunika. Ami aliichukua picha hadi dirishani kama mara ya kwanza.

“Hii imepita Voi,” akasema.

Nilitaka kuondoka na ushindi huo. Akaniita nirudi. Kidole chake kilikuwa juu ya dirisha la kibanda cha dereva, ambamo hamkuwa na mtu.

“Mwandikie tena,” akasema. “Muulize nani anaiendesha.”